Mama wa Kipande cha Mia Mbili na Kumi na Nne

Bwana Nagumo, mwongozaji wa katuni, alikirudisha kipande cha mia mbili na kumi na nne kwa mara ya sita, na safari hii hakuandika hata neno. Aliuzungushia uso wa mama duara jekundu, akapiga mstari wa kufuta, basi. Hisae Wakui aliupokea mchoro wake kama mtu aliyerudishiwa posa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya sekunde chache tu. Katika sehemu ya mwisho ya katuni ile, mama mmoja mtengeneza taa za karatasi anakaa mezani jioni ya kwanza baada ya kumzika mwanawe wa pekee. Amepika, kwa sababu mikono imezoea kupika. Ananyoosha vijiti achukue kipande cha figili kwenye sahani, halafu. Ni kwenye hiyo "halafu" Hisae alipokwama wiki tatu nzima. Kwanza alimchora mama akibubujikwa na machozi. Akarudishiwa. Akamchora amejifunika uso, akarudishiwa. Akapunguza machozi yakabaki tone moja, akayaondoa akaacha mdomo unatetemeka, akamgeuza mama upande ili aonekane bega tu. Yote yalirudi na wino mwekundu.

Nalo hilo lilimuuma kuliko ambavyo lingemuuma mwingine, kwa kuwa huzuni ndiyo iliyokuwa fani yake. Kwa miaka ishirini katika studio ile ndogo ya mtaa wa Ogikubo, kila palipokuwa na kifo, alipewa yeye. Alikuwa ameshawaua kwa penseli mabibi, askari, mbwa waaminifu na mtoto mmoja wa kifalme, na watazamaji nchi nzima walikuwa wameshalowesha mikono ya mashati yao kwa ajili yake. Wenzake walimwita Mama Matanga. Mochida, jirani yake wa meza, mtu mnene mwenye ulimi usiolala, alikuwa akisema kwamba akimwona Hisae anachonga penseli huwa anapiga simu nyumbani kuuliza kama wote wazima.

Siku ile Hisae alimfuata Nagumo mezani kwake akamwuliza hasa anataka nini. Mwongozaji yule alikuwa mzee mkavu, mwenye desturi ya kuongea akiitazama kalamu.

"Mtu akilia kwenye skrini, mtazamaji anapumzika," Nagumo alisema. "Kazi ishafanywa na mwenzie. Mimi nataka mama asilie. Nataka akwame, halafu mzigo umwangukie yule aliyekaa nyumbani kwake anakula."

"Akwame vipi?"

"Ningejua ningekuhitaji wewe?"

Jibu la mtu mwenye cheo. Hisae alirudi mezani, akakaa.

Mama yake alipiga simu mchana wa siku iyo hiyo kutoka kwao Nagaoka. Baba alikuwa amelazwa tangu mwanzo wa mwezi, na sasa daktari alikuwa ameanza kuongea kwa upole, jambo ambalo si dalili njema kwa daktari yeyote. Mama hakusema njoo. Wanawake wa kule hawasemi njoo. Alisema tu kwamba baba ameuliza kama reli zina theluji. Hisae alielewa vizuri sana. Akajibu kwamba amebakiza kitu kidogo mno, sekunde nne, na Jumamosi atapanda treni ya kwanza.

"Haya," mama alisema.

Baba alifariki Alhamisi, saa ya chakula cha mchana. Asiyekuwapo na lake halipo. Neno lake la mwisho lilisikiwa na muuguzi na mama, na Hisae hakuthubutu kuuliza lilikuwa neno gani. Alipanda treni Alhamisi hiyo hiyo, na njia nzima alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba alikuwa amewekwa kwenye mizani na kupimwa, baba upande mmoja na figili ya kuchora upande wa pili, na kwamba aliyechagua ni yeye. Mama peke yake ndiye aliyekuwa amebaki. Kwa mama, alijiapia, hatakosea.

Hapa lazima nieleze jambo moja la ufundi wao. Mchora katuni haamini jicho lake. Sekunde moja ina picha ishirini na nne, na ukikosea picha tatu mtu anaonekana mlevi. Kwa hiyo kila mmoja ana saa ya kupimia mbio, kama ya mwalimu wa michezo, na kila tendo hupimwa kabla ya kuchorwa. Mochida anasimama, Hisae anabonyeza. Mochida anakunywa chai, anabonyeza tena. Baada ya miaka ishirini dole gumba linajibonyezea lenyewe. Mara nyingine Hisae alikuwa akimpima mtu anayefunga mwavuli barabarani, bila sababu yoyote. Saa ile ilikaa mfukoni mwake pamoja na ufunguo wa nyumba, na alipovaa koti jeusi la msiba aliihamisha humo na ufunguo wake, kwa mazoea.

Jumapili waliuchoma mwili. Walingoja saa moja na nusu kwenye chumba chenye chai na biskuti za mchele ambazo hakuna aliyezigusa isipokuwa baba mdogo Tomoji, aliyekula kwa sababu akihuzunika hula. Kisha wakaitwa. Mfanyakazi mwenye glavu nyeupe aliitoa sinia tanurini, na baba alikuwa pale, mifupa mitupu, mweupe, mkavu, mdogo kuliko alivyokuwa hata kitandani.

Kila mtu alipewa vijiti viwili visivyolingana, kimoja cha mwanzi na kimoja cha mti, na wakajipanga pande mbili. Mfupa huchukuliwa na watu wawili, huyu upande huu na yule upande ule, wakiunyanyua pamoja mpaka kwenye mtungi. Ndiyo maana hakuna mama wa kule anayevumilia kuona watoto wawili wakishika tonge moja kwa vijiti mezani. Atawachapa mikono, kwa sababu hilo ni jambo la mifupa. Walianza miguuni wakapanda, ili marehemu akae wima ndani ya mtungi. Hisae alinyanyua kipande cha goti pamoja na binamu yake. Mkono haukutetemeka, akajishangaa.

Mwisho kabisa hubaki mfupa wa shingo, ule wenye umbo la mtu aliyekaa akisali. Huo huachiwa wawili walio karibu zaidi na marehemu. Yule mwenye glavu aliinama akasema mke na mwana, tafadhali.

Mama alinyoosha vijiti vyake. Vilifika juu ya mfupa, vikasimama.

Na Hisae akakiona. Kile alichokitafuta wiki tatu, kilikuwa mbele yake. Kiwiko hakikusogea. Kifundo cha mkono kilishuka kidogo, kana kwamba vijiti vimeongezeka uzito. Ncha zilifunguka, zikafunga bila kushika kitu, zikafunguka tena, na zikabaki vile, wazi, zikingoja. Hakuna chozi wala mtetemo. Ulikuwa ni mkono tu uliofika mahali ukashindwa kuendelea. Mkono wa kushoto wa Hisae ulikuwa mfukoni, na dole gumba lilikuwa limeshabonyeza kabla hajaamua. Alivitazama vidole vya mama kimoja kimoja. Uso hakuutazama, alikuwa na shughuli na vidole.

Baba mdogo Tomoji alikohoa. Akasogea ubavuni kwa Hisae, akaingiza vijiti vyake, na yeye na shemeji yake wakaunyanyua mfupa ule, wakauweka juu ya mingine. Mtungi ukafunikwa.

Tuseme ukweli, maana hadithi ya kuficha haina faida: Hisae alifurahi. Furaha ile ilimpanda kifuani pale pale mbele ya sinia tupu, naye akainamisha kichwa ili watu wadhani analia. Chooni aliitoa saa akaitazama. Sekunde nne na kidogo.

Jumanne alirudi Ogikubo akachora kipande chote kwa kikao kimoja. Nagumo alizipeperusha karatasi kwa vidole, mara moja, mara mbili. Akavua miwani.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kichwani," Hisae alisema.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema nirudishie, nitachora nyingine. Alijua kwamba kilichomo kwenye zile karatasi si mali yake, kwamba mama akiuona mkono ule ataujua kama mtu anavyoijua sauti yake. Alifungua mdomo. Nagumo alikuwa ameshapiga mhuri.

Sehemu ile ilirushwa Jumapili moja saa kumi na moja jioni, wakati familia zikisubiri chakula. Kufikia Jumatatu hakukuwa na jingine la kuongea. Mochida alikiri kwamba alilia mbele ya bakuli la tambi mpaka supu ikazidi chumvi. Barua zilikuja. Dereva mmoja wa lori aliandika kwamba alilazimika kuegesha. Mwalimu mmoja aliandika kwamba hakulia alipomzika mkewe, miaka sita iliyopita, na alilia kwa sababu ya kipande cha figili ambacho hakikuliwa. Gazeti moja lilitoa ukurasa mzima kueleza kwa nini sekunde zile zinamchoma mtazamaji: kwamba mama yule ameelemewa, kwamba uchungu umemshika mkono, kwamba akikichukua kipande kile atakuwa amekubali kwamba mwanawe hayupo. Hisae alisoma yote. Kila sifa ilimwingia kama mwiba, kwa kuwa yote yalikuwa yakimsifia mama yake, na mama yake hakuwa ameulizwa.

Alingoja simu kutoka Nagaoka. Haikuja. Akaanza kujidanganya kwamba labda mama hakutazama. Hakuwahi kupenda katuni.

Siku ya arobaini na tisa ya msiba, siku ya kuupeleka mtungi kaburini, aliwasili asubuhi mapema. Tomoji alikuwa ameenda kuleta gari. Mama alikuwa amekaa chini mbele ya madhabahu ya nyumbani, mtungi umefungwa kitambaa cheupe, chai imeshamiminwa kwenye vikombe viwili. Waliongea juu ya theluji, juu ya kasisi ambaye huchelewa. Kisha mama akasema, bila kubadilisha sauti, kwamba aliitazama ile katuni, kwa Bi Kuwabara, jirani, mwenye televisheni kubwa.

Hisae aliomba radhi kabla ya kushtakiwa. Alisema mikono ile ilikuwa ya mama, kwamba aliichukua pale penye mifupa ya baba kama mwizi, kwamba alipaswa kuikataa kazi na hakuikataa. Alisema mengi. Paji lake la uso lilikuwa kwenye mkeka.

"Inuka, utachafua nguo," mama alisema. "Mikono si kitu. Kuna mtu aliyewahi kuitaka mikono yangu? Chukua."

Hisae aliinuka.

"Ila nilitaka kukuuliza. Bi Kuwabara alilia sana. Akasema, masikini yule mama, ameshindwa kwa uchungu. Na gazetini wameandika hivyo hivyo. Na wewe ndivyo ulivyoona?"

"Ndiyo, Mama. Ulishindwa kumgusa Baba. Niliona."

Mama aligeuza kikombe chake kidogo.

"Sikushindwa," alisema. "Mume wangu nimemwogesha miezi miwili, nyumbani hadi hospitali, nitashindwa na mfupa? Mfupa ule ni wa watu wawili, mwanangu. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nje, theluji iliteleza kutoka paani ikaanguka uani.

"Nilikutazama. Mkono wako ulikuwa mfukoni, nikasema anatafuta leso. Nikasema mwache afute machozi kwanza, halafu tumnyanyue baba yake pamoja. Basi nikangoja. Tomoji naye hana subira." Akakisogeza kikombe pembeni. "Ulikuwa unatafuta nini?"

Hisae angeweza kusema leso. Mama alikuwa amempa jibu mkononi, kwa huruma kabisa, na huenda alikuwa akiomba aambiwe hivyo.

"Saa," alisema. "Nilikuwa napima, Mama. Ulisimama muda gani."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama anayesikia kitu alichokuwa ameshakijua na bado kinauma.

"Zilikuwa ngapi?"

"Nne. Nne na kidogo."

"Hizo tu?" mama alisema. "Mimi niliziona nyingi."

Honi ya Tomoji ililia nje. Mama aliweka viganja chini, akanyanyuka kwa shida ya magoti, akainama akauchukua mtungi. Ulikuwa mzito kwa mwanamke wa umri wake, na hatua ya kwanza aliyumba. Hisae alirukia kwa mikono yote miwili ili ashike upande wa pili.

"Acha," mama alisema. "Nimeshaushika."

Akatangulia mlangoni, akavaa viatu bila kuuweka chini.