Matango Yaliyomsubiri Mgeni

Mzazi mwenzangu, ukimtaka mwanao, mwambie njoo. Usimwambie baki huko, halafu ukae ukidhani amesikia njoo. Mama Gyu-tae wa mtaa wa mlimani, hapa Mokpo, alifanya hivyo, na sikia yaliyompata.

Mumewe alikwisha kufariki. Mwanawe wa pekee, Gyu-tae, alikuwa Seoul na mkewe na binti yao mdogo, Ha-sol. Mama alibaki na nyumba ya vyumba viwili na paa lake la saruji, tambarare. Huko juu, kando ya mitungi ya mchuzi wa soya, alipanga mabeseni mekundu akapanda matango. Si yale yanayotambaa mpaka kwa jirani. Bega lake lilikuwa bovu, hangeweza kusimamisha fito wala kufunga kamba. Alitafuta mbegu ya matango mafupi, yale ambayo mche wake hukaa chini umejikunyata kama mchicha na kuzaa kwa mkupuo mmoja.

Aliyapanda kwa ajili ya Ha-sol. Mwaka mpya uliopita mtoto alikula matango ya chumvi mpaka akalamba bakuli, akasema, "Bibi, mimi nataka kuyachuma mwenyewe." Neno hilo lilimkaa bibi moyoni hadi baridi ikaisha.

Mwezi wa saba simu ikalia.

"Mama, wiki ijayo nina likizo. Tuje?"

Moyo ukamruka. Lakini sisi tumelelewa hivi: unakataa kwanza, mwenzio anashikilia, unakataa tena, anashikilia tena, ndipo unasema haya basi.

"Mje kufanya nini? Njia ndefu, jua kali, na mkeo kachoka na kazi. Pumzikeni."

"Kweli, Mama?"

"Mimi nina shida gani? Nakula, nalala. Msije."

Akangoja ashikiliwe.

"Haya, Mama. Asante kwa kutuelewa."

Alibaki na simu sikioni, nayo imekwisha kunyamaza. Akajiambia, huyu anataka kunishtukiza tu. Akaanika matandiko, akafagia ngazi.

Jirani yake, Jeom-rye, bibi mwenye ulimi wa pilipili, akamchungulia juu ya ukuta.

"Mama Gyu-tae! Umewaambia wasije, sasa ngazi unamfagilia nani? Mleta gesi?"

"Kuna vumbi, dada."

"Vumbi la Seoul hilo." Akanyoosha shingo kuelekea kwenye mabeseni. "Na hayo matango yamenenepa kama mawifi zangu. Chuma!"

"Ni ya mtoto. Anataka kuchuma mwenyewe."

"Mtoto yupi? Tango likizeekea kwenye mche, mche unajua umeshapata mbegu, unaacha kuzaa. Tena haya mafupi hayana subira. Chuma, wewe mwanamke!"

Alijua. Hata yeye aliwahi kuwafundisha wengine jambo hilo hilo. Lakini hakuchuma. Kila asubuhi alimwagilia kabla jua halijapanda, akafunua majani, akaona kijani kinafifia, manjano inaingia. Maua mapya yakanyauka kabla ya kufunga tunda. Akisikia nyayo kwenye ngazi za mtaa, anainama ukutani kutazama. Watu walipita, wakaenda kwa watu wao.

Jumapili picha ikaingia kwenye simu: Ha-sol ndani ya boya la kuogelea, kwenye bahari ya mashariki, meno yote nje. Chini Gyu-tae ameandika, "Mama, tumepumzika kama ulivyosema. Keshokutwa narudi kazini."

Akaketi kwenye ukingo wa beseni. Keshokutwa. Basi kesho bado ipo. Akapiga.

"Mama! Umeiona picha?"

"Gyu-tae, njoo."

Upande wa pili yakasikika mawimbi na kelele za watoto.

"Mama, unaumwa? Umeanguka? Niambie ukweli!"

Tangu azaliwe, Gyu-tae hakuwahi kulisikia neno hilo, njoo, kinywani mwa mama yake. Sauti ilimtetemeka. Na mama gani atasikia mwanawe anatetemeka, akaendelea kumtetemesha?

"Siumwi. Nilitaka kusema njooni siku moja, mkipata nafasi. Si sasa. Njia ndefu."

"Lo, umenitisha! Haya, tutakuja sikukuu ya mavuno."

"Msijisumbue," akasema, mdomo ukiwa umeshamtangulia.

Jioni aliyachuma yote. Maganda yalikuwa magumu, mbegu zimekomaa. Akayamenya, akakwangua mbegu, akayatia chumvi na kuyakamua, akayachanganya na pilipili na mafuta ya ufuta. Bakuli likafurika. Alikula vijiko vichache, akalifunika.

Asubuhi akaanza kung'oa miche kwa mkono wake mmoja mzima, beseni baada ya beseni. Jeom-rye alimwona kutoka ukutani. Siku hiyo hakumtania.