Matanga ya Panya wa Barafu

Usiku wa kuamkia leo niliota friza yetu inabisha hodi kutoka ndani.

Hakuna aliyeshangaa. Mke wangu Mbuke, aliyekuwa akipepeta mchele juu ya paa, alisema, "Fungua basi, Baba Sayi. Mgeni ni wako."

Nafungua. Panya mweupe niliyemnunulia chatu wangu, Nyamizi, ameketi juu ya mfuko wa sato, amekunja nne, masharubu yamejaa barafu.

"Mwangaluka," nikamwamkia.

"Salamu za kwenu hizo. Mimi nimezaliwa Dar es Salaam, Mzaramo kamili. Wewe Msukuma. Nimekuja kwa mtani wangu, nikalazwa na samaki! Ndio ustaarabu wenu?"

Nikaona haya, ila kidogo. Kwa ajili ya panya huyu nilishagombana na kundi zima la wacheza nyoka. Wenzangu wanakumbuka vigelegele; mimi nakumbuka jicho la kulia la Nyamizi. Siku moja ya ngoma walimtumbukizia panya hai kwenye kasha, watazamaji wakashangilia. Chatu hakuwa na njaa. Wakafunga kifuniko, wakaenda kunywa, na panya akabaki humo akimtafuna. Mzee Maduhu, mwenyekiti wetu, akasema ni ajali kazini. Ajali! Wakufungie na mwenye meno, kisha waite ajali!

Hakuna aliyenifundisha. Niliuliza, nikasoma vipande vya huku na kule, nikabishana mpaka koo likakauka: chatu apewe panya aliyekwisha kufa. Lakini Nyamizi amemkataa wa barafu tangu mvua zianze. Na Mzee Maduhu ametamka: asipokula kabla ya mashindano ya ngoma, anarudishiwa panya hai, hadharani. Jicho limebaki moja.

"Nataka akule," nikamwambia panya. "Tafadhali."

"Atanila. Kanuni unazijua?"

"Uyeyuke taratibu, usipikwe. Uwe na joto la mwili."

"La mwili wa nani?"

Kanuni haikusema. "Wangu," nikajibu.

Akaingia kwapani. Joto langu likaanza kumhamia. Kadiri nilivyopoa ndivyo alivyochangamka. Hasira zangu nazo zikamhamia, akaanza kutaja makosa ya Mzee Maduhu ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau.

Napiga hatua moja kutoka jikoni, niko katikati ya uwanja wa ngoma. Watu wamefurika. Mzee Maduhu amekalia ngoma kubwa, na gotini pake yupo panya wa kahawia, mnene, amevaa jicho la Nyamizi shingoni kama nishani.

"Hicho ndicho chakula?" panya wa kahawia anacheka. "Maiti! Mimi nilimshinda chatu. Nileteeni mwingine."

"Chatu hakuwa na njaa," nasema, "na wewe hukuwa na mlango wa kutokea. Nani alimshinda nani?"

Akaliangalia jicho. Jicho likatazama pembeni.

"Kweli," akasema polepole, "hakuna aliyeniuliza kama nataka kushindana."

"Maneno hayamshibishi chatu, Luhende!" Mzee Maduhu akanikemea. "Huyo wako hata mkia hautikisiki. Nyamizi atajuaje kama ni chakula?"

Nikamlaza panya mweupe mbele ya Nyamizi, aliyekuwa amejikunja pale uwanjani. Ulimi ukatoka, ukarudi. Akageuza kichwa. Uwanja ukaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti, "Mletee na ugali!"

"Mtani, unaniaibisha," panya akanong'ona pale chini. "Marehemu akilala, watani wake hufanya nini?"

Nikakumbuka. Sikuwa nimelisahau, ila nilikuwa nimeliweka mbali. Siku ya msiba wa baba, mtani wetu wa Kizaramo alivaa koti la marehemu, akachechemea kama yeye, akawatukana mbuzi kwa sauti yake, mpaka mama akacheka huku machozi yakimtoka. Marehemu haachwi alale tu. Anaigizwa.

"Ulikuwa ukitembeaje?" nikamuuliza.

"Haraka. Nasimama, nanusa, naenda tena. Na nyuma nina maringo kidogo."

Namshika kwa koleo. Namtembeza haraka. Anasimama. Ananusa. Anaenda tena. Maringo nayaongeza mimi mwenyewe, kwa kiuno changu, maana kwetu anayecheza nusu hachezi. Ngoma ikaanza kujipiga huku Mzee Maduhu bado ameikalia, akawa anarushwarushwa.

Nyamizi akageuka. Shingo ikarudi nyuma. Akaruka, akambana, akamviringa.

Uwanja mzima ukasimama. Mimi sikuinama. "Mmeona?" nikawaambia. "Mfu wetu anacheza kuliko wazima wenu! Na jicho liko palepale!"

"Na faini yangu ya kulazwa na samaki, mtani?" ikauliza sauti kutoka kinywani mwa Nyamizi. Mkono mdogo mweupe ukachomoza, ukanivua kofia ya ngoma, ile iliyoshonewa makombe ya simbi, niliyorithi kwa baba. "Utaikuta pale uliponilaza mimi."

Nikaamka. Kwapa langu la kushoto lilikuwa la baridi kama chuma.

Nikaenda kwenye kasha. Nyamizi amejikunja, ametulia, katikati ya mwili ana uvimbe wa ukubwa wa ngumi. Sikumgusa. Chatu aliyekula haguswi.

"Baba Sayi!" Mbuke aliita kutoka jikoni. "Hebu njoo unieleze, kofia na sato vinahusiana nini?"

Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole: ngumu, simbi zake zimeganda. Nikaivaa hivyohivyo. Barafu ikaanza kunichuruzika usoni, taratibu, nami nikatoka kwenda kwa Mzee Maduhu.