Honi ya Baba Sabina

Mume wangu Shigela ana tabia moja inayonichosha: akinunua kifaa, siku hiyohiyo anakuwa fundi. Alinunua nyundo, na mpaka leo tunakula kwenye meza aliyoitengeneza, inayochechemea. Juzijuzi akanunua mita ya kupimia umeme, na asubuhi ya harusi ya binti yetu Sabina ndiyo aliyoichagua kuanza nayo kazi.

Tangu Sabina akiwa darasa la kwanza, baba yake alikuwa akimpeleka shule kwa bodaboda yake. Mtoto akamwambia kwamba hata siku ya harusi baba ndiye atakayempeleka kanisani, tena kwa pikipiki. Shigela akalishika neno hilo kama kiapo. Kijiwe kizima cha bodaboda cha Buhongwa kilijua, na wenzake walikuwa wameshafunga riboni kwenye pikipiki zao ili wamsindikize. Asubuhi akaenda ziwani kuiosha yake. Akarudi anaisukuma, jasho linamtoka, betri haina kitu.

"Betri ni mpya hii," akasema. "Itakuwa stata, ile koili ya kuzalisha umeme ndani ya injini, imeshindwa kuichaji."

"Mwite Nestory." Nestory ndiye fundi wetu, gereji yake iko ng'ambo ya barabara.

"Nestory wa nini, na mita ninayo?"

Akachomoa soketi iliyo chini ya kiti, pale zinapotokea nyaya tatu za njano za stata. Akaibana ncha moja ya mita kwenye waya kwa vidole vilivyolowa maji, ncha nyingine akaigandamiza kwenye bodi ya injini kwa vidole vya mkono wa pili. Namba zikaanza kurukaruka kwenye kioo. Akahamia waya wa pili, na wa tatu, namba zikaruka vilevile.

"Umeme unavujia kwenye bodi," akasema. "Stata imeungua, Mama Sabina."

Kupata nyingine na kuifunga kabla ya misa ilikuwa haiwezekani. Sabina akatoka ndani, nywele zimeshatengenezwa, akauona uso wa baba yake.

"Usijali, baba. Gari la mjomba Pius lipo."

"Sawa, mwanangu," Shigela akajibu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake. Roho iliniuma jamani. Hasira nayo ikanipanda, nikavuka barabara nikamleta Nestory na chapati yake mkononi.

"Hebu nionyeshe ulivyopima, kaka," Nestory akasema.

Shigela akaonyesha. Nestory akacheka mpaka chapati ikamponyoka.

"Kaka, umeshika vyuma kwa vidole, tena vibichi! Umeme wa mita umepita mwilini mwako. Hukupima stata, umejipima mwenyewe." Akanigeukia. "Shemeji, mumeo mzima, anapitisha umeme vizuri kabisa."

Nilicheka, Mungu anisamehe, huku Shigela akijifanya anafuta vidole.

Nestory akashika ncha za mita kwenye plastiki yake na kugusa waya na bodi. Safari hii kioo kikatulia, hakuna kilichovuja. Akapima nyaya zenyewe kwa zenyewe, mbilimbili, namba zikalingana. Kisha akaazima betri ya gerejini kwake, akawasha injini, akageuza swichi ya mita kwenye volti za AC. Kila alipoongeza mafuta, volti zilipanda, na kila jozi ya nyaya ilipanda sawa na nyingine.

"Stata nzima hii. Sasa umeme wake unaliwa na nani?"

Akachomeka soketi, akafuata nyaya kwa kidole kuelekea kwenye regyuleta, kile kidude kinachouandaa umeme kabla haujaingia kwenye betri. Njiani akakuta waya mwekundu usio wa kiwandani, umesokotwa kwenye waya wa njano, ganda limechubuliwa na kiti, shaba inagusa chesisi.

"Na huu?"

Shigela akakohoa. Ulikuwa waya wa honi ya muziki aliyoifunga mwenyewe jana yake kwa ajili ya msafara.

"Umeme wa hapa bado mbichi, kaka. Lazima upite kwenye regyuleta uive kwanza. Wewe umeudokoa ungali jikoni!"

Akaukata, akaziba kwa tepu, akawasha tena injini, akairudisha betri yetu, akapima. Ilikuwa inachaji. Shigela akampiga kumbatio fundi wa watu karibu amwangushe.

"Honi je?" akauliza.

"Leo hapana. Betri iko hoi, usiipe mzigo."

Honi ya zamani alikuwa ameshaing'oa. Msafara wa harusi Mwanza, pikipiki ya bibi harusi haina honi!

Tukaondoka. Sabina alikaa upande, shela limekunjwa ndani ya helmeti, mimi nyuma yao kwenye pikipiki ya Nestory. Tulipoingia barabara kuu, bodaboda zote zikapiga honi, isipokuwa ya mbele. Ndipo nikamsikia Shigela, mtu ambaye kanisani huchezesha midomo tu wakati wa nyimbo:

"Piii! Pi-pi-piiii!"

Kwa mdomo! Watu wakasimama kando ya barabara wakishangilia. Sabina alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye mgongo wa baba yake, mikono kiunoni mwake, kama enzi zile za shule. Nikapiga vigelegele huku machozi yananitoka.

Alipiga honi njia nzima. Kanisani Sabina akashuka, akamvua baba yake helmeti.

"Asante, baba."

Shigela akafungua mdomo ajibu, sauti ikagoma, imekauka. Basi akapiga honi moja ya mwisho, hafifu, na wote wawili wakaanza kulia.