Handesh za Wageni

Mwenye binti shuleni na asome hii mpaka mwisho.

Mama mkwe wake Jorina alipofariki, hapo Oldham, mji wa Kiingereza, familia iligawana juzuu thelathini za khitma, kama wafanyavyo Wasylheti wote, wahamiaji Waislamu wa mtaa ule. Sufia, binti wa Jorina wa miaka kumi na tano, alichukua juzuu tano peke yake, maana bibi ndiye aliyemlea. Akajifunga mtandio, akaacha muziki mpaka arobaini ipite, na saa ya chakula shuleni akawa anajitenga na juzuu yake.

"Unakonda," Jorina alimwambia.

"Nataka nimalize mapema, Amma. Bibi ananingoja."

"Bibi yako hakuwahi kumngoja mtu. Kula."

Siku ya ishirini na sita, saa tisa mchana, kengele ya mlango ililia. Alikuwa mwanamke wa nywele fupi aitwaye Hilary, na mwanamume mrefu aliyevua viatu bila kuambiwa. Viatu vile ndivyo vilivyommaliza Jorina. Walisema wametumwa na ofisi ya serikali, kwamba shule ina wasiwasi na Sufia.

Kwao mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Akawakaangia handesh, vile vitumbua vya unga wa mchele na sukari guru, akamimina chai ya maziwa.

"Usijisumbue, mama," mwanamume alisema.

"Kula. Mbona mwembamba hivyo, mkeo hakulishi?"

Mwanamume alicheka. Hilary alikuwa na daftari magotini.

"Hayo anayosoma shuleni, anapewa na nani?"

"Na mimi," Jorina alisema kwa fahari. "Namgawia mwenyewe. Asipomaliza, hapati handesh hata moja."

Ulikuwa utani. Hilary aliuandika.

"Na hizo siku arobaini anazozitaja shuleni, zikiisha kuna nini?"

"Tunaita watu, tunakula."

"Watu gani?"

Jorina akawataja mmoja mmoja, na mitaa yao, asije akamsahau mtu.

Halafu ikatoka karatasi. "Ni ya kumsaidia Sufia," Hilary alisema. "Lakini si lazima usaini."

Jorina alisikia vizuri. Ila mwanamume alikuwa na handesh ya tatu mdomoni, na mtu anayekula chakula chako utamwambiaje hapana? Akasaini. Handesh zilizobaki akawafungia waende nazo.

Sufia aliporudi alisoma nakala akiwa bado na mkoba mgongoni.

"Amma, hii ni ya watu wanaodhaniwa watakuja kuwa magaidi."

"Walisema ni msaada."

"Walikuambia si lazima?"

"Waliniambia."

"Sasa?"

"Walikuwa wanakula, mwanangu."

Sufia alimtazama, akapanda ngazi taratibu. Juzuu yake ya nne hakuifungua tena.

Kesho yake mumewe Jorina, Motin, alikwenda kuidai karatasi irudishwe. Akaambiwa kwa upole mwingi kwamba jalada limeshafunguliwa, na hata likifungwa jina litabaki. Miaka mingapi? Hawakusema. Siku ya arobaini walikuja watu wachache. Waliotajwa walikuwa wamekwisha kupata habari. Juzuu mbili za Sufia alizisoma Jorina mwenyewe, kwa kusuasua, na hakujua kama zilifika.

Sasa Hilary huja kila Jumanne. Sufia alivua mtandio, akarudi kwenye muziki, akaanza kucheka na wenzake shuleni hata pasipochekesha. Hilary akaandika kwamba amebadilika haraka mno, huenda kuna anachoficha.

"Nifanye nini basi, Amma? Niambie wewe, nitafanya."

Jorina akamsogezea sahani ya wali.

Jumanne iliyopita Sufia aliomba kitu kimoja tu. "Leo usimpe chochote. Hata chai."

"Sitampa."

Kengele ikalia. Jorina alisimama jikoni, mikono haijui pa kwenda. Akamsikia Hilary akivua viatu mlangoni, maana siku hizi naye anavua, kisha akamsikia akiuliza, "Mama hajambo? Leo mbona kimya?"

Jorina akawasha birika, akalizima, akaliwasha tena.