Edwadi na Kigoda cha Kornel

Kitabu cha historia ya Uingereza nilikiokoa dukani kwa Hamidi, mjini Sumbawanga, kikiwa kwenye rundo la karatasi za kufungia chumvi. Mtaala ulikuwa umebadilishwa, wafalme wa Uingereza wametupwa nje ya shule. Sikuwalilia wakoloni, msinielewe vibaya. Nililia jasho langu. Nilikuwa nimewakariri wafalme wale mmoja mmoja mpaka nikawapita wenzangu wote darasani, na sasa nilibaki nao kichwani bila wa kumpa.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka Milanzi, nyumba zimepangwa mstari, na upepo wa Ufipa ukipita katikati bila kupiga hodi. Mimi mwalimu Ambilikile, Mnyakyusa, ndiye niliyekuwa mgeni pekee. Watu walinisalimu vizuri, walilima vizuri shamba la shule, ila hakuna aliyenikaribisha kwake. Mwaka na nusu nilikula peke yangu. Mtu hukiri njaa upesi, lakini upweke huuficha, kwa hiyo nami nilitembea kifua mbele na kusema Wafipa wana maringo.

Jirani yangu alikuwa Kristiana, mjane ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Kornel. Siku nilipofika, balozi wa nyumba kumi alinipeleka kwake nile. Tangu siku ile aliitikia shikamoo yangu akiangalia pembeni. Nami, msomi mzima, sikuwahi kuuliza huyo Kornel yuko wapi.

Alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Alasiri moja nilichoka kuandika jembe na mbegu ubaoni, nikawasimulia wazee habari za kiti cha enzi cha Uingereza kabla Wanormani hawajakiteka.

"Edwadi alikuwa mtoto Wadenmaki walipouchukua ufalme wa baba yake," nilisema. "Akakimbizwa ng'ambo, kwa wajomba zake. Kanuti wa Denmaki akakikalia kiti."

"Na mama yake?" Mama Kornel aliuliza.

"Mama yake akaolewa na Kanuti."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mama gani huyo! Mwanawe yu hai, naye anampikia aliyekalia kiti chake?"

"Lakini Edwadi alirudi, mama. Baada ya miaka ishirini na mitano. Akatawala."

"Alirudi?"

"Alirudi."

Basi ikawa kazi. Nilitaka kuendelea na Haroldi na Wiliamu, watu wawili ambao kila mmoja alidai mfalme alimwahidi kiti kilekile, na Tostigi, ndugu yake Haroldi, aliyeleta jeshi la wageni kumpiga nduguye. Mama Kornel hakutaka kuwasikia. "Hao waache wagombane," alisema. "Nirudishie yule aliyerudi."

Siku moja alibaki wenzake walipoondoka.

"Mwalimu, ulipofika kwangu ulikaa wapi?"

"Kwenye kigoda, mama. Karibu na moto."

"Nilikupa?"

Hapo nikakumbuka. Alikuwa amenitandikia mkeka. Mimi niliuangalia mkeka, nikaiangalia suruali yangu ya tetroni, nikakivuta kigoda na kuomba maji.

"Ni cha Kornel," alisema. "Yuko Kitwe, Zambia, machimboni, mwaka wa kumi. Nyumbani kwetu kiti cha aliye safarini hakikaliwi. Kikikaliwa, njia yake imefungwa. Tulipohamishiwa huku vyombo vyangu vilipanda lori, kigoda nilikibeba kichwani. Hujasikia habari za Milanzi? Mfalme wetu wa zamani alitoka kwenda kuwinda, nyuma wakaja wageni wakakalia kiti chake. Aliporudi, ufalme si wake tena."

Kijiji kizima kilijua. Mwaka na nusu mimi ndiye niliyemfungia njia mtoto wa watu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nisamehe, mama."

"Kama cha Edwadi kilikaliwa miaka yote hiyo naye akarudi," alisema akijifunga kanga vizuri, "labda hujaniharibia."

Tangu hapo nilimwombea Kornel kila siku, na sitadanganya: nilijiombea mwenyewe. Kornel akirudi, nami ningekaribishwa mahali.

Mwezi wa saba, baridi ikiuma, lori la Hamidi likaleta barua. Mama Kornel alikuwa bado hawezi kusoma mwandiko wa mkono, akaniletea. Nilitangulia kuisoma kimya. Kornel alikuwa na mke na watoto wanne. Amejenga. Mama asimngoje.

Ningeweza kuigeuza. Nani angejua? Ningesema, anarudi baada ya mavuno, na jioni ile ningekula kwake. Lakini nilikuwa nimesoma kitabu kizima cha watu waliosema "mfalme aliniahidi", na nilijua ahadi zao zilivyoishia. Nikamsomea neno kwa neno, mpaka "nakusalimu sana, mama yangu".

Hakulia. Alikunja barua, akaniambia, "Twende nyumbani."

Nilikaa chini kwenye mkeka kabla hajasema kitu. Yeye akaenda karibu na moto, akakichukua kigoda, akakifuta kwa pindo la kanga, juu na miguuni, polepole sana. Akakiweka mbele yangu.

"Karibu kiti, mwalimu."

Mwaka na nusu nilikuwa nimeyatamani maneno yale. Sasa ningetoa chochote ayarudishe kinywani, kigoda kibaki kitupu na aendelee kuniangalia pembeni. Lakini kukataa kungekuwa kumtukana mara ya pili. Nikainuka, nikakaa nusu tu ya kigoda, kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi, na Mama Kornel akaanza kusonga ugali wa watu wawili.