Fundi Aliyejifungia

Walimwita Chura tangu utotoni, na jina likamganda hata alipofanya kuzamia kuwa kazi yake. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kuogelea. Huyo kaka alikuwa fundi mitambo kwenye meli ya saruji iliyozama miaka tisa iliyopita. Watu kumi na mmoja waliokoka. Yeye tu hakuonekana. Nahodha alisema fundi alilewa, akalala fofofo chumbani mwake. Mama yao alilimeza neno hilo kama mwiba wa samaki, likamkaa kooni mpaka anaingia kaburini.

Sasa kampuni ilitaka kuikata meli iuze chuma chakavu, ikatafuta mtu wa kuangalia kama matangi bado yana mafuta. Chura akaiomba kazi.

"Una hakika, dada?" msimamizi alimuuliza botini. "Si kila kidonda cha kutoneshwa."

"Changu hakijawahi kufunga, bosi."

Mzamiaji mwenzake alibaki kwenye mlango wa meli akishika kamba. Chura akaingia peke yake. Meli ililala ubavu, kwa hiyo alielea juu ya kuta, na milango ilikuwa chini yake kama visima. Alisikia pumzi zake tu. Alipofika chumba cha kaka yake akamulika tochi. Kitanda cha chuma, kiatu kimoja, tope. Hakuna mtu.

Mlango wa chumba cha mitambo ulikataa kufunguka. Akazunguka, akapenya kwenye dirisha la paa, mtungi wa hewa ukikwaruza chuma. Ndani ndipo alipoona sababu: komeo lilifungwa kwa ndani. Chini ya pampu kulikuwa na ovaroli, na ndani ya ovaroli, mifupa. Spana kubwa bado iliing'ang'ania nati.

Kumbe hakulala. Alijifungia humo na maji, ili yasiwafikie wenzake upesi, wakapata muda wa kushusha maboti.

"Kaka," Chura alisema. Yakatoka mapovu matupu. Akaushika mkono wa ovaroli, tope likatibuka, asione hata kidole chake. Akakaa naye humo gizani mpaka kamba ilipovutwa mara tatu: hewa inakwisha, toka.

"Mafuta yapo?" msimamizi aliuliza alipoibuka.

"Yapo. Na kaka yangu yupo."

Msimamizi akavua kofia.

Siku hiyohiyo Chura alimpigia wifi yake, mjane wa kaka, aliyekwisha kuolewa kwingine.

"Wifi, hakuwa amelewa. Alifunga mlango kwa ndani."

Kikasikika kilio kilichozibwa kwa kiganja. "Miaka tisa namlaani, wifi. Miaka tisa!" Sauti ikashuka. "Mume wangu anaingia. Nitakupigia."

Hakupiga.

Mifupa ilitolewa wiki iliyofuata. Kampuni ikasahihisha ripoti kwa mstari mmoja. Nahodha alishafariki, hapakuwa na wa kumuuliza. Mazishini walisimama Chura, msimamizi na wachimba kaburi wawili.

Aliporudi nyumbani, jirani alibisha hodi. "Dada, una kibiriti?"

Akampa. "Karibu ukae kidogo. Nina habari ya kaka yangu."

"Eh, kesho, dada. Nimeacha maharage jikoni."

Chura akaketi kitandani na nguo zake za msibani, akaacha mlango wazi.