Pua ya Kuazima

Fundi wa pikipiki anayeijua kazi yake huanza na jicho, likaja sikio, akamalizia na pua. Spana ni baadaye. Huyu wetu jicho alikuwa nalo, na sikio alikuwa nalo hata la kugawia wengine, ndiyo maana watu wakamwita Sikio. Alikuwa akigusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho, kisha akakwambia kinachogonga ndani. Lakini pua yake ilikuwa pambo la uso tu.

Iliharibika alipokuwa akipuliza rangi kwenye gereji kubwa, katika chumba kisicho na dirisha, tajiri akisema kila wiki kwamba barakoa zimeshaagizwa. Siku moja petroli ikavuja chini ya gari, naye yuko hapo hapo na mashine ya kuchomelea, hana habari. Moto ulizimwa mapema, na yeye akafukuzwa kwa uzembe. Hakujitetea. Fundi anayesema hanusi ni sawa na mpishi anayesema haonji, nani atamwajiri?

Aliyeambiwa ni mama yake peke yake.

"Usimwambie mtu, mama."

"Nimwambie nani? Siri yako ni yangu, mwanangu."

Tangu siku hiyo mama akawa pua ya nyumba. Maziwa hayakufika mdomoni mwa mwanawe kabla hajayanusa yeye. Chungu kikianza kuungua, alipiga kelele kutoka uani. Asubuhi nyingine alimtazama kijana wake akitoka na kumwambia, "Hilo shati rudisha, limeshaanza kuongea." Wakacheka wote wawili. Walikuwa wawili tu katika nyumba ile, na walizoeana hivyo.

Sikio akafungua kazi nyuma ya nyumba. Akapiga mabati kivulini, akapanga spana zake ukutani kwa ukubwa, akaandika kibao kwa mkono wake mwenyewe: FUNDI PIKIPIKI, HAPA HALISHINDIKANI JAMBO. Miezi ikapita. Waliokuja kivulini walikuwa kuku. Fundi akaanza kulala mchana, amegeukia ukuta, na chakula akawa anakigusa tu na kusema ameshiba.

Mama naye si mtu wa kukaa mikono mitupu. Akaweka meza mbele ya nyumba, akauza petroli ya chupa kwa wanaoishiwa njiani, maana kituo cha mafuta kilikuwa mbali. Mara wateja wa fundi nao wakaanza kuja. Mmoja, kisha wa pili, kisha wakawa wanapishana mlangoni. Sikio akarudisha mwili, akarudisha na utani.

Ugonjwa wa pikipiki hizo ulikuwa wa aina moja. Asubuhi haiwaki, ikiwaka inakohoa, mlimani inaishiwa pumzi na kutoa moshi. Fundi hakuwa mchoyo wa elimu. "Msinikimbilie mimi kila mara," aliwaambia. "Ikigoma nyumbani, tazama kwanza kama mafuta yanafika. Kisha fungua plagi. Ikiwa nyeusi, ifute, uone kama inatoa cheche. Kisha chujio la hewa. Injini inataka mafuta, moto na hewa. Kimoja kikikosekana, hata ukiisukuma mpaka kesho unajichosha." Watu wakampenda kwa hilo.

Mara nyingi alishuku mafuta. Basi alichukua kidogo kwenye glasi, akaingia jikoni. "Mama, hebu ninusie." Mama alivuta pumzi, macho yamefumbwa, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. "Petroli safi, mwanangu. Tafuta kwingine." Naye akatafuta kwingine: akaosha kabureta, akabadilisha plagi, akafungua hata injini ambazo hazikuwa na kosa. Pikipiki ikaondoka inaimba, na baada ya muda ikarudi inakohoa.

Siku moja mama alikuwa amekwenda kumjulia hali mama mdogo, na mkunga mmoja, mteja wake fundi, akaingia uani akiisukuma pikipiki yake, sare imemganda mgongoni kwa jasho.

"Fundi, hii mara ya tatu."

"Pole, dada. Imefanya nini?"

"Imenizimia mlimani, mtu anajifungua. Nimefika kwa miguu, mtoto keshazaliwa, kapokelewa na jirani anayetetemeka kuliko mzazi mwenyewe."

"Wazima?"

"Wazima, Mungu mkubwa. Lakini siku nyingine haitakuwa hivyo, na wewe unajua." Akakitazama kibao. "Safari iliyopita uliniambia ikizima tena utakishusha kile kwa mikono yako. Bado nakiona."

Sikio akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kazi ile ndiyo iliyomtoa kitandani. Bila jina lake la ufundi hakuwa na kitu kingine, na sasa mtu anayemheshimu alikuwa ameanza kulitilia shaka.

"Nipe mpaka mchana," alisema.

Akaanza upya, asidharau kitu. Plagi ilikuwa nyeusi tii. Akaweka mpya, cheche nzuri ya bluu. Chujio la hewa safi. Kabureta aliiosha yeye mwenyewe juzi tu. Yakabaki mafuta. Akachota kidogo kwenye glasi, akanyanyuka, akafika mlango wa jikoni ndipo akakumbuka kwamba mama hayupo.

Angeweza kumpa mkunga anuse. Lakini angeulizwa, "Kwani wewe pua yako iko wapi?" Akarudi, akatafuta karatasi nyeupe, akadondosha tone moja, akaianika juani. Ni jaribio la zamani, kila fundi analijua: petroli safi hukauka isiache kitu, iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa. Hakuwahi kulifanya hapa. Karatasi ya nini, na mama yupo?

Alipoirudia, karatasi ilikuwa na doa la mafuta, kama iliyofungiwa kitu cha kukaanga.

"Dada, mafuta unanunua wapi?"

Mkunga akamshangaa. "Kwa mama, hapo mbele. Sote tunanunua kwa mama. Mtu anakutunzia chombo chako kama ndugu, halafu umpite mama yake mezani?"

Moyo wa fundi ulimtetea mama haraka: huyo anayemletea mafuta ndiye mwizi, kamuuzia mama wa watu uchafu. Akaenda mezani na karatasi zake. Chupa ya kwanza, doa. Ya pili, doa. Zote, doa. Kisha akainama, akatoa chupa iliyokuwa chini ya meza, imefungwa kitambaa chekundu shingoni. Hiyo ilikuwa ya pikipiki yake yeye. Mama aliitenga tangu mwanzo: "Hii yako, mwanangu, isichanganyike na za wateja."

Akadondosha tone, akasimama kulingoja. Lilikauka, karatasi ikabaki nyeupe.

Akakaa chini pale pale, pembeni ya meza. Kikulacho ki nguoni mwako. Maneno haya alikuwa akiwaambia wateja walioibiwa vioo na majirani, huku akicheka. Sasa hayakumchekesha. Kutia mafuta ya taa ni jambo moja. Lakini zile glasi zote alizompelekea mama kwa mikono miwili, yale macho yaliyofumbwa, ile "petroli safi, mwanangu"! Hapo ndipo palipomchoma.

Akamwaga mafuta ya tangi lote, akaosha kabureta, akajaza ya chupa ya kitambaa chekundu. Pikipiki ikawaka kwa teke moja.

"Haya, ilikuwa nini?" mkunga akauliza, anacheka.

Uongo ulikuwa karibu, na mwepesi. Fundi akaumeza. "Mafuta yametiwa mafuta ya taa. Yametoka mezani kwetu. Fundi anayenusa angejua siku ya kwanza. Mimi sinusi, dada. Pua yangu ilikufa zamani."

Kicheko kikamkauka mkunga. Akaitazama meza, kisha akatazama pembeni, na hakuuliza nani kayatia. Fundi akavuta kiti, akapanda, akakishusha kibao.

"Acha bwana, nilisema kwa hasira tu."

"Mimi nilisema bila hasira."

Mkunga akapanda pikipiki yake. "Kesho nitapita," akasema. "Ukiwa na cha kunusa, niwekee."

Mama alirudi jua likiwa bado kali. Akaona kibao kimeegemezwa ukutani, chupa tupu zimepangwa, na dumu la kuoshea minyororo limejaa mafuta yake pomoni.

"Nani kakishusha?"

"Mimi." Akamwekea karatasi mbele yake: zile zenye madoa, na ile moja nyeupe. Mama hakuuliza ni za nini. Alikaa taratibu, mkoba bado mkononi.

"Kidogo tu, mwanangu. Chombo hakifi kwa kidogo."

"Kwa nini, mama?"

"Ulikuwa unalala umegeukia ukuta! Nikae nitazame? Nilisema waje mara moja tu, waione mikono yako. Na wameiona, si wameiona?"

"Wameona nini? Mimi nafua, wewe unapaka tope."

"Nimefanya kwa ajili yako."

"Ungetia tu ukanyamaza, ningesema mama kakosea. Lakini nilikuja na glasi mkononi, mama. Nikakwambia ninusie. Mimi sina pua nyingine."

Alitaka kupiga kelele, lakini huyu ni mama, na kelele za kumpigia mama hakufundishwa. Akasema kwa sauti ndogo.

"Hukuamini kama wangekuja, siyo? Kwa mikono yangu tu, bila hayo mafuta."

Fundi akangoja. Hata angedanganya sasa, angeupokea uongo huo kwa shukrani. Lakini mama aliyedanganya vizuri hivyo juu ya kila glasi, safari hii neno lilimpotea. Akaanza kuokota karatasi moja moja na kuzikunja.

Jioni alimletea maziwa ya moto kule kivulini, kama siku zote, kikombe juu ya kisahani.

"Kunywa, mwanangu. Mazima, nimeyanusa."

Akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Akayatazama. Yalikuwa meupe tu, hayakumwambia kitu.

"Asante, mama," akasema, akakiweka kando ya spana.

Mama akasimama pale akimngoja anywe, mpaka maziwa yakafanya utando.